Uhakiki wa Stesheni, sanduku la mafumbo ya mkondo wa abiria

Kwa wiki sita sasa sanduku la mafumbo liitwalo Stesheni limekuwa juu ya meza yangu, na katika muda huo nimelifungua karibu kila siku baada ya Isha, mara nyingine peke yangu, mara nyingine pamoja na mpwa wangu aliye kidato cha pili, na mara nyingi zaidi pamoja na Ami, ndugu mdogo wa marehemu baba, aliyekuwa karani katika stesheni ya zamani ya hapa Kisiwani Mombasa hadi alipostaafu. Nalieleza hili mapema ili msomaji ajue kuwa haya si maoni ya mtu aliyecheza mara moja akapitisha hukumu. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nimefumbua mafumbo 39 kati ya 40, nimeyapima majibu yake kwa kalamu na karatasi, na shabaha yangu tangu mwanzo ilikuwa kuamua iwapo sanduku hili lafaa kununuliwa kwa ajili ya chama cha hisabati cha shule.

Nililinunua kwa shilingi 1,800 kwenye kibanda cha vitabu na vifaa vya shule karibu na Marikiti. Ndani yake mna ubao wa karatasi nzito unaokunjika mara mbili, kete 60 za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, vijiti kumi vya kuzibia njia, kadi 40 za mafumbo zilizopangwa kutoka nyepesi hadi ngumu, kijitabu cha kanuni na kijitabu cha majibu. Ubao ni imara, kete si imara. Rangi yake ilianza kuhamia vidoleni mwetu siku ya tatu, na kete nne zilikuwa zimepasuka kabla hatujazigusa, ingawa katika nyumba yenye bao, hilo si jambo la kumkosesha mtu usingizi, kwa kuwa komwe, zile mbegu za kuchezea bao, zinafaa kabisa kuwa abiria, tena haziteremki ovyo ubao unapotikiswa.

Mchezo una kanuni moja kuu. Kila kadi ina mchoro wa stesheni, yaani malango, kumbi, korido, ngazi na jukwaa, na kando ya kila njia imeandikwa idadi ya abiria inaoweza kuwapitisha kwa dakika moja. Kila kete ni abiria watano. Penye makutano ya njia, wanaoingia sharti walingane na wanaotoka, isipokuwa pale kadi inaporuhusu watu kungoja. Mchezaji huulizwa ni abiria wangapi watakaowahi treni, au ni njia ipi izibwe, au ni ipi ipanuliwe. Hakuna dadu, hakuna kubahatisha, wala hakuna mpinzani wa upande wa pili, jambo ambalo lilimfanya Ami aukatae mchezo siku ya kwanza akisema kuwa mchezo usio na mpinzani ni kazi ya ofisi, kisha akasogeza kiti, akauliza lango liko wapi.

Kadi sita za mwanzo ni za kumzoesha mtu tu na sitazizungumzia. Kadi ya 7 ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, na kwa kuwa ndani yake mna uzuri wote wa sanduku hili pamoja na kasoro yake kubwa, naomba msomaji anivumilie niieleze yote.

Abiria 500 wako nje ya stesheni, na treni itaondoka dakika 10 baada ya milango kufunguliwa. Kutoka Langoni kuna njia mbili: moja inaingia Ukumbi wa Kushoto na inapitisha abiria 30 kwa dakika, nyingine inaingia Ukumbi wa Kulia na inapitisha 20. Kutoka Ukumbi wa Kushoto kuna Ngazi ya Mbele, inayopitisha 15 hadi jukwaani, na korido inayopitisha 10 kuelekea Ukumbi wa Kulia. Kutoka Ukumbi wa Kulia kuna Ngazi ya Nyuma, inayopitisha 35 hadi jukwaa hilo hilo. Mchezaji amepewa kipande kimoja cha upanuzi, ambacho kinaongeza abiria watano kwa dakika kwenye njia yoyote atakayoichagua, na anaulizwa akiweke wapi ili wote 500 wapande. Muda wa kutembea hauhesabiwi.

Mtu anayeitazama kadi hii kwa haraka ataona kuwa haina tatizo lolote. Langoni wanaingia 30 na 20, ambao ni 50. Kwenye ngazi wanapanda 15 na 35, ambao pia ni 50. Na 50 kwa dakika 10 ni 500. Hivyo ndivyo alivyosema mpwa wangu, na alikuwa ameshaanza kufunga kadi. Nikamwambia azipange kete. Akaweka sita kwenye Ukumbi wa Kushoto, akatoa tatu kupitia Ngazi ya Mbele, akatoa mbili kupitia korido, na kete moja ikabaki mkononi mwake bila pa kwenda. Akairudisha ukumbini. Dakika ya pili ikaongezeka nyingine. Kufikia dakika ya kumi kete zilizobaki zilikuwa kumi, yaani abiria 50 wamesimama Ukumbi wa Kushoto wakiitazama treni inaondoka, ilhali Ngazi ya Nyuma ilikuwa na nafasi ya watu watano kila dakika ambayo hakuna aliyeitumia.

Siri iko hapa. Ukizungushia mstari mmoja Lango na Ukumbi wa Kushoto, njia zinazotoka ndani ya mstari huo kwenda nje ni tatu tu: ile ya kuingia Ukumbi wa Kulia yenye 20, Ngazi ya Mbele yenye 15, na korido yenye 10. Jumla yake ni 45, na hata ungeweka lango la dhahabu huwezi kuupita mstari huo kwa zaidi ya 45 kwa dakika. Wanahisabati wanalijua jambo hili kwa kina: mkondo mkubwa kabisa unaoweza kupita kwenye mtandao wa njia ni sawa na jumla ya uwezo wa njia zinazokatwa na mstari mwembamba kuliko yote. Lester Ford na Delbert Fulkerson walilichapisha mwaka 1956, na chimbuko la swali lao lilikuwa reli hasa, kwa sababu mwaka uliotangulia Theodore Harris na Frank Ross walikuwa wameandika ripoti ya siri nchini Marekani kuhusu uwezo wa mtandao wa reli wa Muungano wa Kisovieti na nchi za Ulaya Mashariki. Ripoti hiyo ilibaki siri hadi mwaka 1999. Walioiandika walivutiwa na mstari mwembamba kwa nia ya kujua pa kuikata reli, nasi twavutiwa nao kwa nia ya kuwapandisha watu treni, hesabu haibadiliki.

Sasa tufike kwenye jibu. Kijitabu kinasema, tena kwa herufi nzito, kuwa jibu ni moja tu: kipande cha upanuzi kiwekwe kwenye Ngazi ya Mbele. Ni kweli kuwa jibu hilo linafaa, kwa maana ngazi hiyo ikipitisha 20, Ukumbi wa Kushoto utatoa 30 na hakuna atakayebaki. Lakini ukikiweka kipande kwenye korido, ikapitisha 15 badala ya 10, Ukumbi wa Kushoto utatoa 15 na 15, Ukumbi wa Kulia utapokea 20 na 15, ambao ni 35, na Ngazi ya Nyuma itawapokea wote bila kuzidiwa. Jumla ni 50. Na ukikiweka kwenye njia ya kuingia Ukumbi wa Kulia, ikapitisha 25, watu 25 wataingia kushoto, 25 kulia, na jumla ni 50 tena. Majibu sahihi basi ni matatu, na hayo matatu ni zile zile njia tatu zinazokatwa na mstari. Njia mbili zilizobaki ndizo zisizosaidia kitu.

Kwa mchezo wa kawaida hili lingekuwa kosa dogo. Kwa fumbo la mantiki ni kosa kubwa, kwa sababu fumbo la aina hii limejengwa juu ya ahadi kwamba jibu ni moja na kwamba hoja pekee itakufikisha kwake. Mwanafunzi aliyeweka kipande chake kwenye korido, akahesabu vizuri, kisha akafungua kijitabu na kuambiwa amekosea, atajifunza kutoiamini hesabu yake mwenyewe. Nilisumbuka na kadi hii kwa siku mbili kabla ya kuona kinachoweza kuwa kimetokea. Ukibadilisha tarakimu moja tu, Ngazi ya Nyuma ikapitisha 30 badala ya 35, ngazi mbili kwa pamoja zinakuwa nazo ni 45, kwa hiyo panakuwa na mistari miwili myembamba inayolingana, na njia pekee iliyomo katika mistari yote miwili ni Ngazi ya Mbele. Jibu la kijitabu linakuwa sahihi na linakuwa la pekee. Nadhani mtunzi aliandika 30 na mchapaji akaweka 35. Kwenye nakala yangu nimeshasahihisha kwa penseli, ingawa nakiri kuwa kadi yenye kosa inafanana zaidi na stesheni ya kweli, ambamo mhandisi huwa na zaidi ya pahali pamoja pa kutia mkono wake, na huchagua kwa kuangalia gharama.

Ami hakushughulika na mistari. Yeye alisimama kwenye ile Ngazi ya Mbele yenye abiria 15 kwa dakika, akauliza ni ngazi gani hiyo. Swali lake ni la haki. Mhandisi Mmarekani John Fruin, ambaye kazi yake ya mwaka 1971 kuhusu njia za waendao kwa miguu ingali inatumiwa na wasanifu wa stesheni, alionyesha kuwa njia tambarare ikijaa hupitisha takriban watu 80 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana, na ngazi hupitisha takriban 55. Kwa kipimo hicho ngazi ya watu 15 ina upana wa sentimita 27 hivi. "Hiyo ni ngazi ya mtu na jogoo wake," alisema Ami, "na jogoo atangulie." Ningependa toleo lijalo litumie hesabu zinazokaribiana na majengo ya kweli, hasa kwa kuwa haigharimu chochote: ukizidisha namba zote za kadi mara kumi, fumbo linabaki lile lile.

Kadi za 16 hadi 25 zinahusu foleni, na hapa sanduku linapwaya kidogo. Mfano mzuri ni kadi ya 19, ambamo abiria 12 wanafika kila dakika kwenye ukumbi wa ukaguzi, kila mmoja anakaa humo wastani wa dakika 5, na ukumbi una nafasi ya watu 50. Kanuni inayohitajika ni ile inayoitwa kwa jina la Mmarekani John Little, aliyechapisha uthibitisho wake mwaka 1961: idadi ya waliomo ndani kwa wastani ni kasi ya kufika ikizidishwa na muda wa kukaa. Kumi na mbili mara tano ni 60, kwa hiyo ukumbi hautoshi, na ili utoshe ukaguzi sharti uchukue muda usiozidi dakika 4 na sekunde 10. Fumbo lenyewe ni safi, na wanafunzi watalipenda kwa sababu linawapa silaha wanayoweza kuitumia hata kwenye foleni ya benki.

Lakini kijitabu kinaishia hapo, wala hakimwonyi mtu kuwa wastani haulali sawasawa na hali halisi. Chukua abiria wale wale 12 kwa dakika, ila badala ya kufika mmoja mmoja wafike 120 kwa mkupuo kila baada ya dakika 10, na kila mmoja akae dakika 5 kamili. Wastani wa waliomo bado ni 60, hesabu ya Little haijakosea hata kidogo, na bado ukumbi una watu 120 kwa nusu ya muda na hauna mtu kwa nusu iliyobaki. Mkazi yeyote wa Mombasa anaijua sura hiyo bila ya kufundishwa, kwa maana ndivyo kivuko cha Likoni kilivyo: lango likiwa limefungwa watu hujazana, feri ikitia ulimi wake nchi kavu na lango likafunguliwa bahari ya vichwa huteremka kwa pamoja, na dakika chache baadaye njiwa wanatembea pale pale palipokuwa hapana pa kuweka mguu. Hakuna hata kadi moja kati ya kumi hizi inayohusu watu wanaofika kwa mkupuo, nami nahesabu kuwa hilo ni pengo.

Kadi ya 28 ndiyo bora kuliko zote. Abiria 40 wanatoka Langoni kwenda Jukwaani, na kuna njia mbili. Ya kwanza inaanza na ujia mwembamba kisha inapita ukumbi mrefu. Ya pili inaanza na ukumbi mrefu kisha inamalizikia kwenye ujia mwembamba. Ukumbi mrefu ni mpana, kwa hiyo huchukua dakika 4 na nusu hata wapite wangapi. Ujia mwembamba huchukua dakika moja kwa kila abiria kumi wanaoutumia. Abiria wakigawanyika sawasawa, 20 huku na 20 kule, kila mmoja atatumia dakika 2 kwenye ujia na dakika 4 na nusu kwenye ukumbi, jumla dakika 6 na nusu. Kisha kadi inasema: kuna mlango mdogo uliofungwa, unaounganisha mwisho wa ujia wa kwanza na mwanzo wa ujia wa pili, na kuupita hakuchukui muda wowote. Je, ufunguliwe?

Mpwa wangu aliufungua kabla sijamaliza kusoma. Nani atakataa mlango wa bure? Akaanza kuwapitisha kete wake, na kwa kuwa kila abiria huchagua njia iliyo fupi kwake mwenyewe, kila mmoja aliona kuwa ujia mwembamba, hata ukijaa watu wote 40, ni wa dakika 4, nao ukumbi mrefu ni wa dakika 4 na nusu siku zote. Wote wakaingia ujia wa kwanza, wote wakapita mlango mdogo, wote wakaingia ujia wa pili. Dakika 4 na dakika 4 ni 8. Akahesabu upya. Akajaribu kumrudisha mmoja kwenye ukumbi mrefu, akaona huyo anapata dakika 8 na nusu, akamtoa. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akasema, "Mjomba, wameongeza mlango na safari imekuwa ndefu!" Jibu la kijitabu, na hapa hakikukosea, ni kuwa mlango ubaki umefungwa. Aliyeligundua jambo hili ni mwanahisabati Mjerumani Dietrich Braess, mwaka 1968, akizungumzia magari barabarani, na uzuri wa kadi ni kuwa inamfikisha mtoto wa kidato cha pili kwenye ugunduzi huo kwa kete nane na robo saa.

Hata hivyo nilimtahadharisha asije akadhani kuwa kila njia mpya ni mtego. Daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa kwa waendao kwa miguu mwanzoni mwa mwaka 2021, liliwapa watu njia ya kuvuka hadi upande wa Likoni pasipo kugusa feri hata kidogo. Halikuwarudisha kwenye wembamba ule ule. Mlango wa kadi ya 28 unadhuru kwa sababu unawapeleka watu wote kwenye nyembamba zote mbili. Kijitabu kingefaa kuitaja tofauti hiyo kwa sentensi mbili.

Kadi ya 33, inayouliza iwapo ngazi ya umeme hubeba watu wengi zaidi wakisimama pande zote mbili au wakiacha upande mmoja kwa wanaopanda kwa miguu, ni nzuri na ina mizizi katika jambo la kweli: mwishoni mwa mwaka 2015 abiria wa kituo cha Holborn, London, waliombwa kusimama pande zote mbili, kwa kuwa ngazi ikiwa ndefu ni wachache wanaokubali kuipanda kwa miguu na upande wao hubaki mtupu huku foleni ikijaa chini. Kadi za 34 hadi 39 ni marudio ya zilizotangulia, zikiwa na njia nyingi zaidi.

Jambo ambalo sikulitarajia kulikosa ni hatua zinazofuatana. Karibu kadi zote zina njia zilizo sambamba, ilhali stesheni tuliyo nayo hapa, ile ya Miritini iliyoanza kupokea treni za abiria za SGR (reli ya kisasa) tangu zilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, kwa msafiri ni mnyororo: mizigo huwekwa chini kwa mstari ili mbwa wainuse, kisha hupitishwa kwenye mashine, kisha tiketi na kitambulisho, kisha ukumbi wa kungojea, kisha jukwaa. Katika mnyororo wa namna hiyo hatua iliyo ya polepole kuliko zote ndiyo inayoamua kasi ya safari nzima, na kuzidisha upana wa hatua nyingine yoyote hakuongezi hata abiria mmoja. Ni somo jepesi na la manufaa, na lingeweza kuwa kadi tano. Nimepata mbili tu, ya 11 na ya 24.

Ami naye ana lalamiko lake, ambalo amelirudia kila siku tunapokaa kucheza na ambalo sioni namna ya kulipinga. Anasema kadi zote zinahesabu abiria, wala hakuna hata moja inayohesabu wasindikizaji. Katika miaka yake ya ukarani, anasema, anayesafiri alikuwa mmoja, na waliokuja kumsindikiza walikuwa mama, shangazi wawili, jirani na watoto wasiojulikana ni wa nani, na hao wote walishuka hadi jukwaani, wakamuaga kwa zamu, kisha wakageuka kurudi kwa njia ile ile wakati abiria waliochelewa wanakuja mbio. Mkondo wa kurudi unaogongana na mkondo wa kwenda, ndani ya ngazi moja, ni fumbo gumu na la haki, na sanduku halina hata moja. Siku moja nilimkuta ameipanga kadi ya 22 upya, kete nyekundu zikiwa abiria na komwe zikiwa wasindikizaji, na aliposhindwa kuwatoa komwe stesheni kabla ya treni kuondoka aliniambia, "Mwanangu, hivi ndivyo ilivyokuwa," akaenda zake kulala.

Lugha ya vijitabu ni ya kuridhisha kwa jumla, nami nampongeza aliyeamua kuandika kwa Kiswahili na si vinginevyo. Maneno machache yamekwenda upogo. Kadi nane zinatumia "gati" kwa maana ya jukwaa, na hapa Mombasa gati ni mahali meli inapofunga, kwa hiyo mpwa wangu kwa siku nzima alidhani abiria wa kadi ya 13 wanashuka treni kwenda kupanda meli, na kusema kweli fumbo lilifumbuka vizuri vile vile. Pia "abiria" na "wasafiri" yanabadilishana nafasi bila sababu, jambo ambalo katika fumbo la mantiki humfanya mtu makini ajiulize kama ni makundi mawili.

Kwa anayenunua kwa ajili ya nyumbani, nasema anunue, mradi aifanyie kadi ya 7 sahihisho nililolieleza. Nilikuta kosa la aina hiyo hiyo, la majibu mawili yanayofaa pale kijitabu kinapodai moja, kwenye kadi ya 14, nayo sikuipatia sahihisho la tarakimu moja. Kwa shule ningengoja toleo jingine, au ningenunua sanduku na kukiweka kijitabu cha majibu kwenye droo ya mwalimu, ili wanafunzi watetee majibu yao ubaoni mmoja baada ya mwingine. Hivyo ndivyo nitakavyofanya na chama changu muhula ujao, na wazazi wawili wamekubali kutuchangia bei. Kete zitabadilishwa kwa komwe.

Kadi ya 40, yenye malango manne, majukwaa matatu na treni mbili zinazoondoka kwa kupishana dakika sita, sijaifumbua hadi leo. Jibu lake limo ukurasa wa mwisho wa kijitabu, ila baada ya yale ya kadi ya 7 sioni haja ya kuufungua ukurasa huo kabla sijapata jibu langu la kulinganisha nalo.